Nilimpa Kezilahabi Mji, Akaukataa

Kila aliyekulia katika jamii inayotegeana vitendawili anayafahamu masharti ya mchezo huo. Mtegaji huita, wenzake huitikia, naye hutega. Wakishindwa kutegua humpa mji, au miji miwili mitatu hadi aridhike. Akiisha kuupokea, husimulia kwa madaha jinsi alivyofika huko na kulakiwa kwa shangwe, kisha hulitoa jibu. Hapo wote hucheka kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho yao: yai, kivuli, moshi, mwiba. Hakuna anayekwenda kulala na swali. Mji ndio malipo, na malipo yakishatolewa deni huisha.

Nimeanza na vitendawili kwa sababu ndivyo nilivyoziendea riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), na nina hakika kwamba ndivyo wengi wetu tunavyoziendea. Nilizisoma nikiwa tayari kulipa. Nilimpa mwandishi miji yote niliyokuwa nayo: mji wa dini, mji wa siasa ya Ujamaa, mji wa falsafa, mji wa saikolojia. Aliikataa yote. Makala haya ni maelezo ya kukataliwa huko na ya kile nilichokipata baadaye. Sikusudii kuzihakiki riwaya hizi kwa kufuata nadharia fulani. Kazi hiyo imefanywa, na ingali inafanywa, na wataalamu walionizidi kwa mbali. Ninakusudia tu kuwasimulia wanachama wenzangu jinsi vitabu viwili vyembamba, ambavyo kila kimoja hakifiki kurasa mia moja, vilivyonisumbua kwa muda mrefu kuliko vitabu vinene vyote vilivyokuwamo katika orodha ya kozi yetu.

Jambo la kwanza linalostahili kusemwa ni kwamba ugumu wa riwaya hizi haumo katika msamiati. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeuzoea ugumu wa aina nyingine. Tukipewa mashairi ya Muyaka bin Haji au Utendi wa Al-Inkishafi, tunajua la kufanya: tunaifungua kamusi, tunaisoma sherehe iliyoandaliwa na wahariri, tunamwuliza mwenzetu aliyezaliwa Lamu au Mombasa. Maneno yakishafunguka, maana nayo hufunguka. Katika Nagona mambo ni kinyume. Sentensi ni fupi, maneno ni ya kila siku, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti pasipo kukwama. Anapoufikia mwisho wa ukurasa huo ndipo anapotanabahi kwamba hajui amesoma nini. Kila sentensi ameielewa. Zilizokosekana ni kamba za kuziunganisha. Msimulizi anasafiri. Anafika katika mji uliotawaliwa na ukimya. Anakutana na wazee, na vitabu, na akina Plato, Nietzsche, Marx na Freud, kana kwamba watu hao ni majirani wa kijiji kimoja. Kuna paa anayetafutwa, kuna duara, kuna Ngoma Kuu, kuna tumaini la mkombozi wa pili. Msimulizi ni nani? Safari yake ilianza lini? Yuko duniani au kuzimu, macho au usingizini? Hayo hatuambiwi, wala hatuahidiwi kwamba tutakuja kuambiwa.

Nilipoisoma Nagona kwa mara ya kwanza nilikuwa katika mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Nilichukua daftari nikapiga jedwali lenye safu nne: tukio, mahali, wakati na mhusika. Ilikuwa ndiyo njia niliyoitumia kwa kila riwaya, na ilikuwa imenifaa sana. Baada ya sura mbili, safu ya wakati ilikuwa tupu kabisa. Safu ya mahali ilikuwa na maneno kama vile "njiani", "mjini", "bondeni", yasiyotofautisha lolote. Katika safu ya mhusika niliandika "mimi", nikaweka alama ya kuuliza. Katika kikundi chetu cha majadiliano hali ilikuwa ni ile ile. Mmoja wetu alishikilia kwamba paa ni ukweli. Mwingine kwamba ni uhuru. Wa tatu kwamba ni sanaa yenyewe. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wa kumuunga mkono, na mwenziwe alikuwa na ukurasa wa kumpinga. Tulimwendea mhadhiri tukiwa na madai yetu matatu tukitaraji kwamba ataamua. Alitusikiliza hadi mwisho, akatuambia turudi tukasome tena, na kwamba safari hii tusimletee muhtasari.

Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo imenifunza mengi kuhusu malezi yetu ya kifasihi. Hebu tujikumbushe, msomaji mpendwa, jinsi tulivyofunzwa kusoma. Katika shule ya upili riwaya huja pamoja na mwongozo wake, na aghalabu mwongozo ndio unaonunuliwa kwanza. Tunaorodhesha dhamira, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha na mifano yake. Kisha tunaingia katika karatasi ya tatu ya mtihani wa kitaifa na kuulizwa muktadha wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Ni maswali mazuri. Yamenifikisha hapa nilipo, na siyabezi. Lakini yamejengwa juu ya imani moja ambayo hatuihoji, nayo ni kwamba kila riwaya ina kitu kilichofichwa ndani yake, na kwamba kusoma ni kukitoa kitu hicho na kukiweka mezani ili kitiwe alama. Nagona inaihoji imani hiyo. Hebu mtu aulizwe muktadha wa dondoo kutoka riwaya hiyo. Nani anasema? Labda ndoto. Anamwambia nani? Labda wewe.

Waama, mshtuko wangu ulizidishwa na kumfahamu mwandishi. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka wa 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, hakuwa mgeni kwetu. Tulikuwa tumemsoma katika Rosa Mistika (1971), riwaya iliyopigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda kwa sababu ya ujasiri wake katika kuzungumzia masaibu ya msichana. Tulikuwa tumemsoma katika Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Katika riwaya hizo kuna vijiji vyenye majina, kuna baba na binti, kuna vijiji vya Ujamaa, kuna makosa na adhabu. Mtu anaweza kuumizwa na Kichwamaji na kukata tamaa kabisa, lakini hapotei njia. Baada ya Gamba la Nyoka ikapita takriban miaka kumi bila riwaya mpya. Katika kipindi hicho Kezilahabi alikwenda Marekani, na mwaka wa 1985 alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliporudi kwenye riwaya, alirudi na tatizo lenyewe. Ni kana kwamba aliacha kutuandikia kuhusu watu wanaoutafuta ukweli, akatuweka sisi wasomaji katika hali ya kuutafuta, tukiwa na giza lile lile na miguu ile ile iliyochoka.

Aidha, kuna jambo lililonisumbua ambalo halikuwa la kitaaluma. Mimi nimelelewa kanisani. Wahakiki wengi wamemfasiri mzee anayetafutwa katika Mzingile, Kakulu, kuwa ni sura ya Mungu, na kuzaliwa kwake si kuzaliwa kwa kawaida; kunawakumbusha wasomaji mashujaa wa tendi za Kiafrika kama Mwindo wa Wanyanga wa Kongo, aliyezaliwa akitembea na kusema. Msimulizi ametumwa kumpelekea mzee huyo habari kwamba mwanawe amefariki. Aliyezoea kuzisikia habari za kifo cha Mwana kila Ijumaa Kuu anaweza kuiona ajabu ya wazo hilo. Kanisani habari hizo hutoka kwa Baba kuja kwetu. Humu zinakwenda kinyume: binadamu ndiye anayepanda kwenda kumwambia Baba. Je, hakujua? Na kama hakujua, ni Baba wa namna gani? Niliifunga riwaya nikaiweka chini ya godoro. Haikuwa chuki. Niliona tu kwamba swali hilo lilikuwa limeingia chumbani mwangu bila kubisha hodi, nami sikuwa na mtu wa kulielekeza kwake.

Nilikuwa nimefika katikati ya Mzingile hivyo wakati ami yangu, kifungua mimba wa babu, alipofariki dunia mjini Mombasa. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua kwamba babu asiambiwe kwa simu. Umri wake ulikuwa umepita miaka themanini, na shinikizo la damu lilikuwa likimsumbua. Ilibidi mtu aende, na mtu huyo nikawa mimi, kwa kuwa nilikuwa likizoni na kwa kuwa babu alikuwa akinipenda. Nilishuka Voi asubuhi, nikapanda matatu ya Wundanyi. Wanaoifahamu barabara ile wanajua kwamba baada ya Mwatate huanza kuukwea mlima kwa kupindapinda. Unaitazama chini yako njia uliyoipita muda mfupi uliopita. Unadhani unarudi ulikotoka kumbe unapanda. Njia nzima nilikuwa nikiipanga sentensi ya kumwambia. Nilikuwa na sentensi moja fupi, yenye kiima na kiarifu, isiyo na dosari yoyote ya kisarufi.

Nilimkuta babu barazani akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza habari za masomo. Nilimpa habari za masomo. Nilimpa habari za mvua ya Voi. Nilimpa habari za bei ya mahindi. Nikarudi kwenye mvua. Nikamweleza kwamba ami alikuwa amelazwa, kisha kwamba hali yake ilikuwa imezidi kuwa nzito, kisha kwamba madaktari walikuwa wamejitahidi. Nikarudi tena kwenye mvua. Babu hakuinua uso wala vidole vyake havikusimama. Punje ziliendelea kuanguka ndani ya ungo. Mwishowe alisema, kwa upole mkubwa, "Mvua ya Voi umeshanieleza mara tatu, mjukuu wangu. Sasa niambie ni lini tunamzika mwanangu."

Ile sentensi yangu sikuitamka. Sikuitamka siku ile, wala yeye hakunidai. Tulikaa tukayamaliza mahindi yaliyosalia, kisha nikamsaidia kuingia ndani.

Baada ya matanga nilirudi chuoni, nikaitoa Mzingile chini ya godoro, nikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Sikuwa na jedwali. Nilisoma kwa sauti, polepole, mwenzangu wa bwenini akisikiliza. Hapo awali nilikuwa nikimwuliza msimulizi kwa hamaki: mbona hufiki? Mbona unageuka, unasimama, unasimulia jambo jingine, unarudi ulikopita? Sasa sikuwa na haja ya kumwuliza. Nilijua uzito wa habari aliyoibeba. Mtu aliyebeba habari ya namna hiyo hatembei moja kwa moja, na kuzunguka kwake si kushindwa kuifikisha. Ndiko kuifikisha kwenyewe. Kamusi zinatueleza kwamba mzingile, au mzingile mwambiji kama walivyozoea kusema watu wa kale, ni njia zilizopotana, mahali pa kumtatanisha mtu. Maana hiyo nilikuwa nimeinakili daftarini tangu zamani. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba upo mzingile ambao mtu huingia kwa hiari, kwa sababu ya heshima, kwa kuwa njia iliyonyooka ingemwumiza anayeendewa.

Sisemi kwamba kisa cha babu ndicho jibu la Mzingile. Huo nao ungekuwa mji mwingine ninaoutoa, na mwandishi angeukataa kama alivyoikataa ile ya awali. Riwaya hiyo ina mambo mengi ambayo babu yangu hayagusi hata kidogo. Ina dunia iliyoteketezwa kwa silaha za nyuklia na watu wachache wanaobaki kuuanza uhai upya katika majivu. Ina mabishano na falsafa ya Nietzsche ambayo nimeyaelewa nusu tu. Ninachosema ni kidogo zaidi. Nilikuwa nikidhani kwamba kuna njia mbili pekee za kukisoma kitabu, kukielewa au kutokielewa. Siku ile barazani niliiona njia ya tatu, ambayo ni kukaa pamoja na jambo lisilosemeka hadi lijulikane bila kusemwa. Babu hakuyaelewa maneno yangu, kwani hayakuwa na cha kueleweka. Yalikuwa mvua na bei ya mahindi. Aliyasikiliza mazunguko yake. Alisikia ni wapi yanarudi na ni wapi yanaogopa kukanyaga. Huo, nadhani, ndio usomaji ambao Kezilahabi anautaka, na jamii zetu zilikuwa nao kabla ya miongozo kuchapishwa.

Hata hivyo, haki inanidai niyataje malalamiko ya upande wa pili, maana ni mazito. Mwenzangu wa bwenini, baada ya kunisikiliza nikisoma kwa majuma mawili, alishikilia kwamba mwandishi anayekataa kueleweka amemkimbia msomaji wake. Aliniuliza ni mama gani sokoni atakayeisoma Nagona, ilhali mama huyo huyo angeweza kulia akisomewa Rosa Mistika. Hoja hiyo ina kejeli yake ya kihistoria. Katika miaka ya 1970, diwani ya Kichomi (1974) ilipozua mjadala mkali juu ya ushairi huru, Kezilahabi alikuwa miongoni mwa waliotaka ushairi uikaribie lugha ya kawaida ya watu na kuacha kufungwa na vina na mizani. Sasa yeye yule anashutumiwa kwa kwenda mbali na watu. Nami nakiri kwamba majina ya wanafalsafa wa Ulaya yaliyomo katika Nagona yanajenga ukuta mbele ya msomaji ambaye hakupata bahati ya kuingia katika maktaba yenye vitabu vyao. Siwezi kuubomoa ukuta huo kwa maneno matamu. Ninaweza tu kusema kwamba mama wa sokoni huenda ana uzoefu wa kupeleka habari nzito kuliko mimi na wahadhiri wangu wote, na kwamba hatujamsomea ili tujue atasema nini. Tumeamua kwa niaba yake.

Ugumu huu, isitoshe, haukuishia kwa Kezilahabi. Said Ahmed Mohamed alituandikia Babu Alipofufuka (2001), ambamo marehemu anamrudia mjukuu wake na kumvuruga akili, K. W. Wamitila alituandikia Bina-Adamu! (2002), safari nyingine ya msimulizi asiyejua anakokwenda. Riwaya hizi zilichapishwa hapa Kenya na zimesomwa katika vyuo vyetu. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuzisoma si la mwanafunzi mmoja aliyeficha kitabu chini ya godoro. Ni swali la idara zetu. Tukiendelea kuzitungia mitihani ile ile tunayozitungia riwaya za uhalisia, tutawafunza wanafunzi kudanganya: watakariri kwamba paa ni ukweli, watapata alama zao, na wataondoka wakiwa hawakuguswa. Ninapendekeza kwa unyenyekevu kwamba mwanafunzi aulizwe angalau swali moja la aina nyingine. Aulizwe ni ukurasa gani uliomkwamisha, alikwamia wapi hasa, na alifanya nini akiwa hapo. Jibu la swali hilo haliwezi kununuliwa katika duka lolote la vitabu.

Kezilahabi aliaga dunia jijini Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020, baada ya miaka mingi ya kufundisha, kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye katika Chuo Kikuu cha Botswana. Siku habari hiyo ilipotufikia, wengi walisikitika kwamba sasa hakuna tena wa kuulizwa maana ya Nagona. Mimi nilikumbuka kwamba alikuwa hai kwa takriban miaka thelathini baada ya kuichapisha, na kwamba katika muda huo wote vitabu hivyo viwili vilibaki vile vile, bila sherehe na bila ufunguo. Nakala yangu ya Mzingile imeanza kuachana kurasa. Nimewaazima wanafunzi watatu wa mwaka wa pili, nao wamenirudishia kila mmoja akiwa na hasira yake. Wa mwisho aliniuliza kama ninajua jibu. Nilimwambia aketi, nikaanza kumuuliza habari za kwao.